Isale Kwenye Kioo

Elimringi wa Rau alikuwa na mdomo mchafu kuliko magari aliyoyaosha. Miaka ile magari ya mitumba ya Dubai yalipoanza kumiminika Moshi, yeye ndiye aliyeng'oa gundi sugu kwenye vioo, na mteja hakuondoka bila kutukanwa kidogo. Akikuta kioo kimekwanguliwa kwa kisu anauliza, "Nani kakufundisha kazi, mbuzi?"

Lakini hasira yake hasa ilikuwa ya mtu mmoja, kaka yake Ebenezeri. Msimu mmoja Elimringi alishuka Chekereni kulima mpunga. Huku nyuma, kwenye kihamba, shamba lao la ukoo kule Mwika, Ebenezeri akang'oa masale, mimea ya mpaka waliyoachiwa na baba yao, akayapanda upya katikati ya migomba ya mdogo wake. Wazee wakaamua arudishe mpaka, kisha ampelekee mdogo wake jani la isale la kuomba radhi. Hakufanya hata moja. Na kwa Wachagga jani ni hilohilo, la mpaka na la msamaha. Ukishalipokea huna ujanja, umesamehe. Elimringi akaapa hatakanyaga Mwika mpaka aletewe jani lake. Hata Krismasi alikula mtori peke yake, amenuna.

Basi Jumamosi moja likaja gari la Ebenezeri. Trafiki walikuwa wamemwamuru abandue tinti ya kioo cha nyuma. Tinti ilitoka, gundi ikabaki, kioo hakionyeshi kitu. Na kwenye wiper ya mbele limebanwa isale bichi.

Elimringi aliliona jani kabla hajamwona kaka yake. Shikamoo hakutoa.

"Paki pale," akasema.

"Hata salamu hakuna, mdogo wangu?"

"Paki kwanza."

Akalowesha matambara kwa mafuta ya taa, akayatandaza juu ya gundi, akasubiri ilainike. Kioo cha mbele angepitisha wembe. Cha nyuma kina zile nyaya za joto za kufuta ukungu, wembe ukizikata basi, kwa hiyo akasugua kwa kucha na dole gumba, mstari kwa mstari. Mtu mwingine angemfukuza. Kila akiinua macho analiona lile jani, na ile chuki aliyoilea miaka yote ikawa inamtoka, yeye mwenyewe hapendi. Alifurahi, na kufurahi kwenyewe kukamuudhi.

Kioo kilipong'aa akafuta mikono, akalichomoa isale. Mama Aikaeli, muuza ndizi wa jirani, alikuwa anatazama.

"Kaka, nimelipokea," Elimringi akasema. "Yameisha."

"Umepokea nini?"

"Isale."

"Hilo?" Ebenezeri akacheka. "Wiper zangu zimekufa. Nililichuma pale mpakani asubuhi nifutie umande."

Mpakani. Jani la mpaka wa wizi, limegeuzwa tambara.

Elimringi akamgeukia Mama Aikaeli. "Mama, umemsikia?"

"Nimemsikia. Na wewe nimekusikia," akajibu yule mama, wala hatanii. "Umeshalipokea, baba. Halirudishwi."

Elimringi akasimama na jani lake mkononi, amenaswa. Kisha akaingia kibandani, akatoka na kopo la solusheni ya kuzibia viatu vya mvua. Angeweza kuchukua vitu vingine ishirini. Alichukua hilo kwa sababu alijua ni gundi gani inayoyashinda mafuta ya taa. Akalipaka isale upande mmoja, akalibandika kwenye kioo cha mbele, sawasawa na macho ya dereva, akalikandamiza kwa ngumi.

"Una wazimu?" Ebenezeri akafoka.

"Mimi nimesamehe, sina pa kutokea. Wewe bado hujaomba. Ukitaka likutoke machoni, rudisha mpaka, uje na lako."

Ebenezeri akaondoka kapinda shingo, anachungulia njia pembeni ya jani. Alizunguka mjini hadi jioni akitafuta wa kulibandua. Kila mwosha magari aliligusa kwa kucha, akatikisa kichwa, akamwambia hiyo ni kazi ya Elimringi wa Rau.