Nilipona malaria, nikaipeleka Ilagala kwa mdogo wangu

Wakuu, heshima zenu. Haya ni yangu mwenyewe, hakuna "rafiki yangu mmoja" humu ndani.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mwanga hapa Kigoma. Mvua zilipoanza nikaugua malaria, ile ya kutetemeka hadi kitanda kinalalamika. Zahanati wakanipa dawa mseto, nikameza zote siku tatu.

Ndiyo, zote. Nipongezeni sasa hivi, maana huko mbele hamtapata nafasi.

Mama wa maabara alinitaka nirudi baada ya wiki mbili. Nikaenda mzima, nimechomekea.

Akatazama kwenye hadubini, akasema wadudu bado wapo. Siyo wale wa homa, hao wameisha. Waliobaki ni vimelea vya kiume na vya kike, vimejikunja kama ndizi. Mimi havinisumbui. Vinasubiri mbu aninyonye, vikaoane tumboni mwake, halafu watoto wao wapelekwe kwa mtu mwingine.

Kwa akili zangu nyingi nikamuuliza mahari napokea mimi au mbu.

Hakucheka. Akanipa dawa nyingine, kidonge kimoja tu.

"Hiki si cha kukuponya wewe, mwanangu. Ni cha kumkinga jirani yako. Na ulale kwenye chandarua."

Nikakitia mfukoni. Jirani yangu anafungulia redio alfajiri mtaa mzima usikie, nimmezee dawa kwa lipi?

Kesho yake nikaenda Ilagala kushona sare za shule, kazi ya mwezi mzima. Nikafikia kwa mdogo wangu Zuhura, mjamzito wa miezi saba. Akanipa chandarua. Joto la kule mnalijua, nikalala mkekani sebuleni, chandarua nikakikunja kikawa mto. Suruali ikafuliwa na kidonge mfukoni. Hata sikujali, si nilikuwa nimepona?

Wiki ya nne Zuhura akapata homa. Siku ya pili akawa hatutambui. Tukakodi gari hadi hospitali mjini, akajifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, mdogo kiasi kwamba niliogopa kumtazama.

Nikamfuata daktari pembeni nikamweleza habari ya kidonge. Akasema hakuna anayeweza kuapa mbu yule alitoka kwa nani.

Wakuu, hilo neno nililishika kama hati ya kiwanja. Siku mbili nalitembeza kichwani.

Siku ya tatu Zuhura alikuwa amekaa, anakunywa uji. Nikamwambia yote. Nikamuuliza ilikuwaje mbu akampata, wakati yeye si mtu wa kulala bila chandarua.

Akaweka kikombe chini.

"Kilikuwa kimoja, kaka. Nilikupa wewe kwa kuwa ndiye mgeni."

Nikachukua kikombe chake, nikaenda kukiosha.

Mtoto yuko hai, ananyonya, ameanza kujaza mashavu. Zuhura karudi kwake.

Nilichojifunza: homa kuisha siyo malaria kuisha. Unaweza kuwa mzima kabisa, na bado mwili wako ukawa nyumba ya harusi ya kuwaua wenzako. Ukipewa dawa ya kumkinga mwenzio, meza, hata kama humpendi.

Wanaokuja kuniambia "hakuna ushahidi", asanteni, huo wimbo naujua wote. Ninaowahitaji ni mliowahi kumkosea ndugu namna hii. Nimemwomba Zuhura msamaha mara mbili, akanijibu "nimesikia".

Mlifanyaje baada ya hapo?