Kigoda cha Baba Mkubwa

Watu wakiuliza shule yetu ya misheni ilikuwa ya Kikatoliki kwa lipi, wanaonyeshwa msalaba juu ya bati na kengele ya sala. Mimi niliyefukuzwa darasa la nne nina jibu langu, na si la kupendeza.

Baba mkubwa alipofariki, kule kwetu Kilolo, baba, mdogo wake, alikalia kigoda chake siku ya kumaliza matanga, ndiyo kushika ulezi wa nyumba yake. Kwetu kigoda kikikosa wa kukikalia, watoto wa marehemu wanatawanyika. Ni hilo tu. Akamjengea mama mkubwa, mjane wa marehemu, nyumba ya nyasi jirani na yetu, akamlimia mahindi. Kulala, baba alilala kwa mama yangu.

Katekista aliyetufundisha dini shuleni alikuwepo matangani, tena pombe yetu aliinywa mpaka akashikwa mkono kupelekwa kwake. Jumatatu akanisimamisha mbele ya darasa.

"Baba yako kaoa mke wa pili."

"Ni shemeji yake, mwalimu."

"Shemeji gani anajengewa nyumba? Mimi shemeji zangu hata chumvi siwapi."

Darasa zima likacheka. Akanipeleka kwa padri mkuu, naye hakuuliza neno, hata jina langu hakutaka kulijua. Alisema mtoto wa mwenye wake wawili hakai katika shule ya Kanisa. Mjane akirudi kwao, na mimi nitarudi darasani. Wiki hiyohiyo tulikuwa tunakaririshwa matendo ya huruma: mwenye njaa umlishe, asiye na makao umpokee. Nilikuwa nayajua yote, na mtihani wa kwenda shule ya kati ulikuwa umekaribia.

Kwa hiyo nasema wazi, si Mungu aliyenifukuza. Ni katekista yule na padri yule, na wa kwetu wakisoma hapa watawajua.

Mama mkubwa alipopata habari alifunga mkeka wake asubuhi, akajitwisha.

"Shemeji, mtoto asome. Nitakwenda kwa kaka zangu."

"Kaka zako wangekutaka tungewaona matangani," baba alisema, akamtua mzigo. "Rudi ndani."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na kaptula yangu ya shule. Baba akanipa jembe, akatangulia njia ya shamba. Nililima naye kutwa nzima, nikishika mstari wa mbali na wake.