Siku Senge Alipopigiwa Bendi Stesheni Mpya

Nacheka sasa kwa sababu nyinyi mnacheka, lakini niwaambie ukweli, kwa muda mrefu nilikuwa nikisikia tarumbeta popote, hata kanisani, masikio yananiwaka moto na naanza kutafuta mlango. Hapa Nakuru bado kuna watu wanaoniita Gavana. Watu wazima, wenye watoto, wananipigia saluti sokoni nikichagua nyanya, na mgeni akiuliza kwa nini, kila mmoja ana hadithi yake, na kila hadithi ina uongo wake. Haya, leo isikieni kwa mwenyewe, aibu yangu na iwe na mpangilio angalau.

Wakati ule mji ulikuwa umeshikwa na homa ya kukua. Kila ukiamka unakuta shimo jipya barabarani na Mzungu mmoja amesimama juu yake akilitazama kwa upendo. Tuliambiwa hayo ndiyo maendeleo, na kubwa kuliko yote ilikuwa stesheni mpya ya gari la moshi, jumba refu jeupe lenye madirisha ya vioo na sakafu ya kung'aa hata unaogopa kuikanyaga, pamoja na vyumba vya kungojea treni, cha Wazungu, cha Wahindi na chetu sisi (maana hata kungojea treni moja kulikuwa na madaraja, na sisi tulipewa kile chenye hewa safi, yaani kisicho na mlango).

Mimi nilikuwa msafisha mabehewa. Kazi yangu ilikuwa kung'arisha viti vya ngozi vya daraja la kwanza ambavyo nisingethubutu kuvikalia mbele ya mtu, kisha jioni narudi kulala landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako tulikuwa wanaume sita katika chumba kimoja, tumegawana nafasi kwa mapazia ya magunia. Chumba hicho, nafikiri, ramani ya maendeleo ilikiruka kwa bahati mbaya.

Basi nilikuwa nimechumbia msichana, Nekesa, wa Elburgon. Baba yake, Mzee Barasa, alikuwa mpasua mbao kule, mtu wa kwetu magharibi aliyefuata kazi akabaki. Nekesa alikuwa amekubali, Mzee alikuwa karibu kukubali, aliyebaki ni Senge. Senge kwa lugha yetu ni shangazi, dada ya baba, na kwetu Senge akikataa hakuna harusi, hata kama padri ameshavaa kanzu. Nikapata habari kwamba Mzee na Senge wanakuja Nakuru kuona mahali binti yao atakapoishi. Na walichagua siku gani? Siku ile ile ya kufungua stesheni mpya.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa, ambao mtu yeyote mwenye akili angeufanya (hivyo ndivyo nilivyojiambia). Niliamua nisiwapeleke landi kwanza. Niwazungushe mjini, waone majengo, waone sherehe, wachoke, na wakishachoka nitawaonyesha chumba kwenye giza, kisha wapande treni ya kurudi.

Walishukia stesheni ya zamani. Mzee Barasa alikuwa amevaa koti lake la jeshi, maana alipigana Burma, na mkononi ameshika jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Senge alibeba kikapu, na miguuni alikuwa na viatu vyeusi vipya ambavyo, ukimtazama uso, ulijua vinamla.

"Nyumbani ni mbali?" aliniuliza hata kabla ya kunisalimu vizuri.

"Si mbali, Senge. Lakini kwanza niwaonyeshe mji. Leo kuna sherehe kubwa."

"Mimi sikuja kuona mji. Nimekuja kuona jiko."

Nilicheka kama mtu aliyesikia mzaha, nikampokea Mzee yule jogoo, nikawaongoza.

Kwenye stesheni mpya watu walikuwa wamejaa. Waliobarikiwa walikaa kwenye viti chini ya paa, na sisi wengine tulipangwa nyuma ya kamba juani, tukipata vumbi jeupe la ziwani bila malipo. Kulikuwa na zulia jekundu, bendi ya askari, na hotuba ambayo haikuwa na haraka ya kwisha. Senge alisimama mguu mmoja, akabadilisha, akasimama ule mwingine.

"Kijana, miguu yangu inaniua. Twende kwako nikae."

Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, nikagusa ufunguo wa mabehewa. Loo, shetani naye siku hiyo alikuwa kazini! Nilikumbuka kwamba nyuma ya bohari la mizigo kuna behewa la daraja la kwanza nililolisugua wiki nzima mpaka likawa kama kioo, na nyapara wetu, Otieno, alikuwa ametuambia, "Hili behewa mtu asiliguse tena." Mimi nilidhani anasifu kazi yangu.

"Senge," nikasema, "njooni mpumzike ofisini kwangu."

Ofisini kwangu! Nikafungua mlango wa behewa, ule wa upande wa bohari, nikamsukuma Senge juu kwa heshima zote zinazowezekana mtu akisukumwa, akaingia. Ndani kulikuwa baridi, mapazia yamefungwa, vitambaa vyeupe viko kwenye vichwa vya viti. Senge alikaa, kiti kikamrusha kidogo, akashtuka, akakaa tena makusudi.

"Hapa ndipo unapofanyia kazi?"

"Ndiyo, Senge."

"Na unakalia hivi viti?"

"Mara moja moja," nikasema, kama mtu aliyevichoka.

Mzee Barasa alibaki amesimama, kofia mkononi. "Kijana, hiki ni kiti cha Mzungu."

"Kaa, Mzee. Humu ndani mkubwa ni mimi."

Akakaa pembeni kabisa, nusu ya makalio, kama mtu aliye kwa daktari. Senge akavua viatu, akafungua kikapu, akatoa viazi vitamu vilivyochemshwa, tukaanza kula, maganda tunayaweka kwenye kimoja cha vile vitambaa vyeupe. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona Senge akitabasamu, na mimi nikajiegemeza nikajiona nimeshaoa.

Ndipo behewa likagongwa. Puu! Kiazi kikaniruka mkononi.

"Nini hiyo?" Senge akauliza.

"Wanalisogeza tu kidogo, Senge. Ni kawaida."

Likaanza kwenda. Nikachungulia dirishani, nikaona injini mbele yetu imepambwa bendera na maua, na dereva amevaa tai. Jamani, dereva wa treni na tai!

Mpango wao niliujua baadaye, tena kwa kupigiwa kelele, lakini wacha niwaambie sasa. Bwana mkubwa aliyetoka Nairobi, Gavana mwenyewe, angemaliza hotuba, kisha treni ya kwanza ingeingia polepole ikiwa tupu, mlango wa behewa la kwanza usimame sawasawa na zulia jekundu, ofisa afungue, bendi ianze, na bwana mkubwa na mkewe wapande wazungushwe mpaka Njoro na kurudi. Ulikuwa mpango mzuri sana. Ulipungukiwa kitu kimoja tu, behewa tupu.

"Ingieni chooni," nikawaambia.

"Wapi?"

"Chooni, Senge! Kidogo tu! Mjifiche!"

Senge akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Mimi nijifiche chooni? Nimeiba nini? Si umesema hapa ni kwako?"

Nikapiga magoti nimvalishe viatu, walau ashuke kama msafiri, lakini miguu ilikuwa imevimba na viatu vilikataa. Kwenye dirisha nikaona ukuta mweupe wa stesheni ukipita, kofia zikipita, kisha breki zikalia, tukasimama. Wale madereva wetu walikuwa mafundi. Mlango ulilingana na zulia kama uliopimwa kwa futi.

Ofisa mwenye glavu nyeupe akafungua mlango huku anawatazama wageni, hakutazama ndani. Mkuu wa bendi alikuwa ameambiwa mlango ukifunguka apige, basi akapiga, ule wimbo wa serikali, ule wa kuvua kofia. Na nyinyi mnajua wimbo ule ukipigwa sheria yake ni nini. Hakuna mtu kusogea. Wazungu wote wakasimama wima, bwana mkubwa akavua kofia yake yenye manyoya, askari wakapiga saluti, na ofisa wa glavu akakauka pale pale ameshika mlango, macho yake tu ndiyo yaliyokuwa yakinitukana.

"Tumefika?" Senge akasema. "Basi tushuke."

Akashuka. Alishuka ubavu ubavu, ngazi kwa ngazi, kikapu mkono huu na viatu mkono huu, miguu mitupu, bendi inampigia, serikali nzima imemsimamia. Alipokanyaga zulia alisimama akalikanyaga tena kidogo, akasema kwa sauti, "Lo! Laini." Nikajaribu kurudi kwenye ule mlango wa upande wa pili nitoroke, lakini kule nako askari walikuwa wamepangwa kando ya reli. Nikageuka nishuke haraka nimrudishe Senge, na hapo nikamkuta Mzee Barasa. Alikuwa amesikia wimbo. Alikuwa amesimama katikati ya mlango, kifua mbele, mkono kwenye paji la uso, na hakuna nguvu ya dunia ingemwondoa pale kabla ya wimbo kwisha. Basi nikabaki nyuma ya bega lake, nimemkumbatia jogoo, mji mzima wa Nakuru unanitazama. Jogoo naye akaona asipitwe. Akawika.

Nyuma ya kamba wanawake wakapiga vigelegele. Senge akadhani ni vyake (na kwa kweli vilikuwa vyake), akawaendea wenyeji wake, akamnyooshea bwana mkubwa mkono. "Mulembe," akamsalimu kwa lugha ya kwetu. Bwana mkubwa hakusogea, uso umekuwa mwekundu kuliko zulia. Mkono wa Senge ukabaki hewani. Mwishowe mke wa bwana mkubwa, mama wa watu, akauona ule mkono, akatazama kulia na kushoto, akaupokea.

Nilikuwa nimesikia wimbo ule mara nyingi, lakini sikuwahi kuuombea uendelee kama siku hiyo. Ukaisha. Na ulipoisha, kila mtu aliyekuwa amekatazwa kusogea akasogea kwa pamoja, kuja kwangu.

Hapo kicheko kikaniishia, maana ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikiwawinda wapigania uhuru, na mtu mweusi kukutwa ndani ya gari la wakubwa hakukuitwa mzaha. Tuliingizwa katika chumba kimoja cha ile stesheni mpya (mimi ni miongoni mwa watu wa kwanza kukitumia, nataka jambo hilo likumbukwe), inspekta wa polisi akaanza na Mzee Barasa.

"Kwa nini uliingia katika gari hili?"

"Mkwe wangu alisema ni ofisi yake."

Wote wakageuka kunitazama, Otieno nyapara akiwa wa mwisho na mbaya kuliko wote.

"Na saluti?"

"Wimbo ulipigwa, effendi. Nilikuwa Burma."

Inspekta akalitazama lile koti la jeshi, akamwambia akae kwenye kiti. Kisha akauliza mimi nakaa wapi, na akaamua tupelekwe huko huko, ithibitike kama nasema kweli. Kwa hiyo wageni wangu walifika nyumbani kwangu mchana kweupe, tena kwa kusindikizwa na askari wawili, na nusu ya watu waliokuwa kwenye sherehe wakatufuata, kwa kuwa sherehe yenyewe ilikuwa imeharibika.

Chumbani, mwenzangu mmoja alikuwa anaoga kwenye karai na mwingine anakaanga omena, wale samaki wadogo wa ziwani. Askari wakauliza kama mimi ni wa pale, wakaambiwa ndiyo, wakaenda zao. Senge akainua gunia moja, akainua la pili.

"Kitanda chako ni kipi?"

Nikamwonyesha.

"Na jiko?"

Nikamwonyesha lile la mkebe, mlangoni.

Akakaa kitandani kwangu. "Nipeni maji niweke miguu." Yule aliyekuwa anaoga akajifunga taulo, akamwaga maji yake, akamwekea mengine. Mzee Barasa akasema, taratibu, bila hasira, "Kijana, mimi nimelala kwenye matope na wanaume ambao asubuhi hawakuamka. Ulifikiri gunia litanitisha?"

Nawaambieni, pale kwenye zulia nilitamani ardhi inimeze, lakini pale kitandani ndipo niliposhindwa kuinua kichwa.

Senge ndiye aliyetoa hukumu. "Binti yetu hataishi humu. Umuoe, hatuna neno, lakini atakaa Elburgon mpaka upate chumba chako. Na wewe, kuanzia leo, ukisema una kitu, tutakuja kukitazama kwanza."

Kazini nilitolewa kwenye mabehewa nikapelekwa kuzoa majivu ya injini, kazi isiyo na viti vya mtu. Nekesa nilimuoa, na miaka miwili nilikuwa namtembelea kwa daraja la tatu, huku halmashauri ikiendelea kupanga nyumba za wenye familia, ikipanga na kupangua. Stesheni ilijengwa upesi, naelewa, treni haziwezi kulala nje.

Leo mgeni akija kwangu, hata kabla hajatua mzigo nimeshamwingiza ndani, aone kitanda, aone ukuta uliopasuka, aone na sufuria isiyo na kifuniko, kisha aamue mwenyewe kama anakaa au anakwenda. Na mji huu unazidi kukua, kila mwezi kuna kamba mpya na mkasi mpya, soko sijui, barabara sijui. Wafungue. Siku wanayofungua, mimi nafunga mlango wangu kwa ndani, nakaa kitako.