Mabawa ya Senene Kwenye Bwawa la Mama

Mabawa ya senene! Ndiyo yaliyoziba bwawa la Mama.

Kaka alimjengea bwawa dogo lenye jeti hapa Kagondo, maji yamkande magoti. Wiki nzima jeti zinatoa maji kinyonge, na Kaka ananifokea kwenye grupu la familia: "Unamharibia Mama mashine!"

Leo nimezima pampu, nikafungua chujio. Limejaa mabawa na miguu.

Jumamosi Kaka na rafiki zake waliwasha taa zote za bwawani ili panzi hao waje. Wakawanyonyoa palepale ukingoni, wakala na bia zao.

Nikasafisha, nikawasha. Jeti zikanguruma! Nikamwita Mama.

Akaliona lile rundo la mabawa, akasimama.

Enzi za ujamaa, kila msimu alikuwa akikusanya senene alfajiri, anawanyonyoa, anawakaanga. Wanaume wanakula. Kwetu mwanamke hakuruhusiwa hata kuonja.

"Kumbe na bwawa hili nalo ni lao," akasema. Akavaa kandambili, akarudi ndani.

Nimetuma picha ya mabawa kwenye grupu. Wote wameiona, wote kimya.

Na nyie mnaosoma hapa, mtanyamaza?