Kiberiti cha Baba Mdogo

Siku ile, mwanangu, naikumbuka hadi jasho lake. Ilikuwa miaka ya sabini, Ubaruku, mpunga umeiva, na ndege walikuwa wengi mpaka jua linaomba njia. Nilikuwa nimetoka kupata cheti cha masomo ya jioni, na suruali yangu ya bugaluu ilifagia barabara nzima bila mshahara.

Tabibu wa zahanati alikuwa ametangaza kwamba kila aliyevuka miaka arobaini apeleke choo kikapimwe, hata kama haumwi, maana damu ya tumboni huweza kujificha macho yasiione. Watu walicheka wiki nzima. Baba yangu mdogo, aliyenilea, hakucheka. Ila alikuwa akiamia ndege wasile mpunga, shamba haliachiki. Akatia choo chake ndani ya kiberiti, kama tulivyofanya wote enzi hizo, akanituma.

Njiani nikakutana na binti niliyesoma naye jioni, ambaye, niseme ukweli, nilikuwa namtaka. Akaona kiberiti mfukoni mwa shati langu, akaniomba akawashie jiko. Moyo ulisimama, nadhani mpaka leo haujarudi vizuri. Nikamwambia kimelowa, nikakitupa mferejini.

Nikaona aibu kurudi shambani kumwambia. Nikanunua kiberiti kingine, nikamwaga njiti, nikaingia choo cha zahanati. Nikapeleka cha kwangu.

Majibu yakaja yameandikwa kwenye cheti: hakuna damu. Baba mdogo akafurahi, akachinja jogoo. Paja nilikula mimi.

Msimu uliofuata alianguka ndani ya jaruba la mpunga. Hospitalini Mbeya walimpasua, wakakuta uvimbe kwenye utumbo mpana, na ulikwisha kusambaa. Daktari alishika kile cheti cha zahanati, akakigeuza huku na huku, akashangaa kilikuwaje safi. Huenda tungewahi, alisema.

Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasema yote. Baba mdogo akaniuliza:

"Kwa hiyo jogoo wangu nilimchinjia mavi yako?"

Akacheka, ameshika mshono. Kisha kicheko kikamwisha.

"Ungesema tu kwamba unaona haya, baba. Ningepeleka mwenyewe, ndege wale mpunga wote."

Tulimzika, na miche ya msimu ule tulipandikiza bila yeye.

Wazee walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha ya mwenzangu, akaumbuliwa yeye. Siku hizi zahanati wanakupa kikopo chenye mfuniko wake. Ukiambiwa kapime, nenda, hata kama unajisikia una nguvu za ng'ombe wa Usangu. Mzazi wako akikutuma, kifikishe kilekile. Na kikikupotea, rudi ukaseme. Aibu ya njiani inakwisha ukifika nyumbani. Yangu ina miaka yote hii na bado inanila.

Mungu akupe tumbo salama, mwanangu, na mdomo usioona haya kuliombea msaada. Uzeeke uamie ndege huku wajukuu zako wakicheka.