Siku Kesi Yangu Ilipotaka Kupelekwa Marekani

Mkicheka chekeni tu, mimi mwenyewe siku hizi nacheka, lakini siku ile katika mahakama ya Kisumu nilitamani ardhi ipasuke inimeze, tena mbele ya akina mama wote wa kanisa letu, waliokuja na sare (ndiyo, sare, na kayamba juu).

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na duka la kuchapa pale Manyatta, kompyuta moja na printa yenye kelele kama kinu cha posho. Bwana Odera, muuza kompyuta wa mjini, akaniletea programu mpya ya kupanga vijitabu, akaapa, "Mama, hii hata ukilala itachapa." Disketi zilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, imejaa maneno madogo madogo kama mayai ya chawa, na mimi kwa haraka nikairarua kwa meno. Basi. Kosa langu lote ni hilo.

Wiki hiyohiyo programu ikachanganya kazi mbili, na waombolezaji kule Asembo Bay wakafungua ratiba ya mazishi ya mzee wao wakakuta kwamba baada ya mahubiri bwana na bibi harusi watakata keki. Wateja wakanikimbia. Odera akakataa hata kunisikiliza, nikamshtaki.

Sasa badala ya kwenda kimyakimya, nikamwambia rafiki yangu Mama Achieng, yeye peke yake, naye akatangaza kanisani, ndipo asubuhi ya kesi nikakuta mabenchi yamejaa. Kuona watu wangu, kichwa kikavimba. Hakimu (mama mmoja mpole mwenye miwani) aliponiuliza kama naijua kazi hii ya kompyuta, nikajibu kwa sauti ya mhubiri, "Mheshimiwa, mimi ni fundi. Hakuna karatasi inapita mkononi mwangu bila mimi kuisoma!" Akina mama wakapiga makofi.

Wakili wa Odera akasimama taratibu, anatabasamu. "Basi Mama alisoma kwamba akifungua bahasha hii amekubali ugomvi wowote uamuliwe kwa sheria za Marekani, katika mahakama za huko. Mheshimiwa, korti hii haina uwezo wa kusikiza kesi hii."

Yaye! Nikamgeukia Mama Achieng, naye akatazama dari.

"Mama, ulikubali?" hakimu akaniuliza.

Nikasema, "Mheshimiwa, mimi hata pasipoti sina."

Korti nzima ikaangua kicheko, karani akafunika uso, hata Odera, mtu aliyeniharibia jina, akajipangusa machozi.

Kile kicheko chake ndicho kilichoniamsha. Nikaomba ile bahasha, nikaisoma kweli sasa, kidole juu ya kila mstari, watu wananong'ona, jasho linanitiririka, nikafika mwisho nikarudi mwanzo.

"Mheshimiwa," nikasema, "haya ni makubaliano yangu na kampuni iliyotengeneza programu. Hiyo sijaishtaki. Nimemshtaki Odera, aliyekuja dukani kwangu kwa miguu yake, akaniahidi kwa mdomo wake, akaniuzia. Jina lake liko wapi humu?"

Wakili akapekua mbele, akapekua nyuma. Tabasamu likaisha.

Hakimu akavua miwani. "Muuzaji ni wa Kisumu, mnunuzi ni wa Kisumu, ahadi ilitolewa Kisumu. Kesi itasikizwa hapa hapa."

"Uwi!" akapaza Mama Achieng, na kayamba zikalia ndani ya mahakama mpaka askari akaja kuwatoa, nao wakaendelea kuimba barabarani. Na kesi nikashinda, jamani, nikashinda kabisa: Odera akanilipa hasara yote, akaenda mwenyewe Asembo Bay kuomba radhi, na ile familia baadaye ikanipa mimi kazi ya kuchapa kadi za harusi ya binti yao.

Lakini aibu ya pasipoti haijanitoka, na nimeapa sifungui tena kitu nisichokisoma. Mume wangu analia njaa sebuleni, nami niko jikoni nimeinamia mkebe wa mafuta ya kupikia, natafuta kwenye maneno madogo, tukikosana na waliotengeneza, tutashtakiana wapi.