Pampu Ambayo Sikuiandika

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa mwandishi chipukizi wa gazeti hapa Thika, nilijivunia habari yangu hadi nikanunua nakala tatu. Mwanangu, wewe unayesomea uandishi kule Juja, kaa nikueleze aibu yangu.

Katika kijiji kimoja mashariki mwa mji, pampu ya kisima cha jamii ilikuwa imeharibika kwa wiki kadhaa. Foleni ya mitungi ikawa ndefu, watu wakasukumana, vijana wawili wakapigana na kila mmoja akaita watu wa kwao. Makabila yao sitayataja. Niliyataja mara moja na ikatosha.

Mimi sikufika huko. Nilikaa ofisini nikapiga simu. Mzee wa pale aliniambia waziwazi kuwa shida ni pampu, na kwamba wazee wa pande zote mbili wameshagawana siku za kuchota maji. Nikaona habari hiyo ni baridi. Nikaandika "uhasama wa kikabila wa miaka mingi", na dawa yake nikaitoa kichwani mwangu: polisi waongezwe.

Gazeti lilipotoka, Mama Ndinda, muuza mboga wa pale kisimani, alikuja ofisini nalo mkononi.

"Ni wewe uliandika hii? Haya, nisomee."

Nikasoma.

"Sasa hapo pampu iko wapi?"

"Mama, mhariri aliikata." Nilidanganya. Sikuwa nimeiandika.

"Juzi tulikuwa tunachota kwa zamu. Leo jirani yangu Wanjirũ, wa upande ule mwingine, ananiambia nisikanyage kisimani, eti gazeti limesema sisi ni maadui tangu zamani. Na ni mimi nilimzalisha, kijana!"

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Wiki hiyohiyo alihama na watoto wake, na zamu zikavunjika.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisikia watu wamepigana, nenda. Uliza ni nini kilikosekana kabla hujauliza nani ni wa kabila gani. Na kama wenyewe wameshaanza kupatana, hiyo iandike juu kabisa. Ukikosea, rudi useme umekosea, katika gazeti lilelile.

Mungu akupe miguu isiyochoka na uso wa kuomba msamaha mapema. Mimi nilikwenda kumtafuta Mama Ndinda baada ya miaka mingi, nikakuta hakuna anayejua alikohamia.